Plagi Kuukuu na Swali la Mwanafunzi

Kila mara wanachuo wetu wanaporudi kutoka mazoezi ya kufundisha, lalamiko la kwanza tunalolisikia ni uhaba wa zana. Shule haina maabara, haina chati, haina hata sumaku moja. Hatubishi, uhaba huo upo. Lakini tukishuka mjini Arusha na kupita sehemu za Unga Limited, au kandokando ya barabara iendayo Sakina na Ngaramtoni, twaona katika gereji nyingi kopo la rangi lililojaa plagi zilizokwisha kazi. Fundi amezitoa katika pikipiki na magari, akatia mpya mahali pake, na zile kuukuu zangoja mnunuzi wa vyuma chakavu. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwamba kopo hilo ni zana ya kufundishia iliyo bora kuliko michoro mingi tunayowafundisha wanachuo kuichora, na kwamba tunawakosea watoto tunapowafundisha majina ya vyombo bila kuwafundisha sababu zake.

Jambo lililotusukuma kuandika lilitokea katika shule moja ya msingi kwenye miteremko ya Mlima Meru. Tulikwenda kumtazama mwanachuo akifundisha Darasa la Sita somo la injini. Andalio lake la somo lilikuwa safi. Ubaoni alikuwa amechora silinda, pistoni, vali mbili, na plagi juu kabisa, na wanafunzi walitaja kwa sauti moja zile hatua nne: kuvuta, kugandamiza, kuwaka, kutoa. Ndipo kijana mmoja wa dawati la nyuma aliponyosha mkono. Alikuwa na plagi mbili zilizofungwa katika kipande cha gazeti.

"Mwalimu," alisema, "kwa mjomba wangu gereji limeletwa gari la mashindano, lile fupi. Mjomba anasema injini yake haina pistoni. Hizi plagi zote mbili zimetoka chumba kimoja. Moja ina herufi L, nyingine T. Kwa nini chumba kimoja kina plagi mbili?"

Mwanachuo aliutazama ubao, kisha akatutazama sisi tuliokaa nyuma na fomu zetu za tathmini. Akajibu: "Kila injini ya petroli ina pistoni. Kaa chini. Hayo hayamo katika somo la leo." Darasa likacheka. Kijana akazifunga plagi zake, na mpaka kengele ilipolia hakunyosha mkono tena.

Kijana alisema kweli, na mwalimu alikosea. Tungependa hilo lieleweke kwanza, kabla hatujazungumza habari za mbinu.

Injini isiyo na pistoni ipo, na si ngeni duniani. Ilibuniwa na Mjerumani Felix Wankel, na ya kwanza ya majaribio iliunguruma mwaka 1957 katika kampuni ya NSU. Wajapani wa Mazda waliichukua, wakaiendeleza kwa miaka mingi, na gari lao la kwanza la mwendo kasi lenye injini hiyo, Cosmo, liliuzwa kuanzia mwaka 1967, mwaka ule ule ambao sisi hapa tulikuwa tukilizungumza Azimio la Arusha. Baadaye wakaleta RX-7 mwaka 1978, na RX-8 iliyotengenezwa mpaka mwaka 2012. Mwaka 1991 gari lao lenye injini ya namna hii lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Katika barabara zetu ni magari ya nadra, lakini magari yaliyotumika huja kwetu kutoka Japani kwa wingi, na hakuna sheria inayoizuia gereji ya Arusha kupokea moja.

Ndani ya injini hiyo kuna chuma cha pembe tatu chenye mbavu zilizovimba, kwa umbo kama sambusa iliyojazwa vizuri. Chuma hicho, kiitwacho rota, huzunguka ndani ya nyumba yenye umbo la karanga ya punje mbili. Kati ya kila ubavu wa rota na ukuta wa nyumba hubaki chumba. Rota inapozunguka, kila chumba hupanuka na kuvuta hewa na petroli, husinyaa na kugandamiza, huwaka, kisha hutoa moshi. Hatua zile nne walizoziimba wanafunzi zimo zote. Wimbo ulikuwa sahihi. Kosa la mwalimu ni kuufunga wimbo huo kwenye pistoni, hata ikawa pasipo pistoni hapana injini.

Na swali la plagi mbili? Chumba kinachowaka ndani ya injini hii ni kirefu na chembamba. Mtoto yeyote wa Meru aliyewahi kuchoma mabua shambani ataelewa: ukitaka mstari mrefu wa mabua uwake upesi, huwashi sehemu moja ukangoja moto utambae, unawasha mahali pawili. L na T ni herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya inayotangulia na inayofuata. Ile ya L hukaa chini, ile ya T juu yake, na kwa kawaida cheche ya L hutangulia kidogo. Tundu la plagi ya T ni dogo sana upande wa ndani, kwa sababu pembe ya rota inapolipita, tundu kubwa lingepenyeza moto wa chumba kimoja hadi chumba cha jirani. Hayo yote yangeweza kuelezwa kwa dakika tano, ubaoni, kwa chaki ile ile. Na kama mwalimu hayajui, basi angesema, "Sijui, tulete swali hili kwa mjomba wako," na darasa lisingecheka.

Wapo watakaosema: mtoto wa Olkokola ana haja gani ya gari la mashindano? Hatumtakii gari hilo. Tunamtakia uwezo wa kulikabili jambo asilolikariri. Gari lile ni jaribio tu lililotuonyesha ugonjwa. Sasa tuliache kwa kitambo, turudi kwenye pikipiki ya bodaboda ambayo kila mtoto anaijua, na plagi yake moja.

Plagi ni kitu chepesi kukieleza. Ina ncha ya kati iliyozungukwa na kauri, na ncha ya pembeni iliyoshikamana na mwili wa chuma. Kati yake pana mwanya. Umeme wa maelfu ya volti huruka mwanya huo kama cheche, na cheche huwasha petroli. Kila cheche hula chembe ndogo mno ya chuma. Baada ya safari nyingi kingo za ncha, ambazo zilikuwa kali, huwa za mviringo, na mwanya hupanuka. Cheche hupenda kuruka kutoka kwenye kingo kali na kuvuka mwanya mdogo. Basi plagi iliyochakaa hudai umeme mwingi zaidi, na injini ikishindwa kuutoa hukosa kuwaka mara moja moja. Pikipiki hugoma asubuhi, hutikisika, hula petroli. Hayo ndiyo maana ya neno kuchakaa. Mwanafunzi akiishika plagi mpya kwa mkono wa kulia na kuukuu kwa wa kushoto, ataliona neno hilo kwa macho yake.

Lakini sehemu tamu ya somo ni rangi. Fundi mzuri haitupi plagi kabla hajaisoma. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, mfano wa chai ya maziwa, injini ina afya na plagi imezeeka tu. Ikiwa na masizi makavu meusi, petroli ni nyingi kupita hewa. Ikiwa nyeupe na yenye malengelenge, injini inapata joto kupita kiasi. Ikiwa imelowa oili, kuna oili inayoingia mahali isipotakiwa, na aghalabu katika pikipiki ni ringi za pistoni zilizokwisha. Basi plagi ni kama cheti cha daktari ambacho injini imekiandika yenyewe. Fundi anayebadili plagi nyeusi kwa plagi mpya bila kuuliza masizi yametoka wapi, atamwona mteja yule yule akirudi baada ya wiki chache.

Hapa mazingira yetu yenyewe hutusaidia. Mji wa Arusha uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya mlimani viko juu zaidi. Kilele cha Meru kinapita mita 4,500. Mgandamizo wa hewa ya Arusha ni pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganishwa na wa Dar es Salaam. Pikipiki yenye kabureta iliyorekebishwa pwani ikiletwa huku hupata hewa pungufu kwa petroli ile ile, na plagi yake huwa nyeusi. Ongeza vumbi la kiangazi linaloziba chujio la hewa, nalo hufanya vivyo hivyo. Hebu mwalimu awape watoto plagi nne kutoka pikipiki nne, awaambie wazipange kwa weusi, kisha wakamwulize kila mwenye pikipiki anapita njia gani na chujio lake alilisafisha lini. Hiyo ni Jiografia, ni Sayansi, na ni Kiswahili cha kuhoji na kuandika taarifa, katika kipindi kimoja.

Hesabu nazo zimo. Mwanya wa plagi ya pikipiki ndogo aghalabu ni sehemu tu ya milimita, mfano 0.7, na rula ya mtoto haiwezi kuupima. Basi chukueni karatasi 100 za daftari, zibaneni, mpime unene wake kwa rula. Zikiwa milimita 8, kila karatasi ni milimita 0.08. Katika mwanya wa plagi mpya zinaingia karatasi ngapi? Katika plagi kuukuu ngapi? Tumewahi kuona darasa likibishana juu ya karatasi moja kwa robo saa nzima, na hatukumwona hata mtoto mmoja akitazama dirishani.

Sasa turudi kwenye gari la mjomba, kwa maana huko ndiko kanuni ya kukariri inakovunjika shingo. Tuseme tumemfundisha mtoto kukariri: oili kwenye plagi, ringi zimekwisha, injini ifunguliwe. Amekuwa mwanagenzi wa gereji, na siku moja amepewa plagi za injini ya rota. Anaona dalili za oili. Anakumbuka wimbo wake na kumwambia mwenye gari kwamba injini imekufa. Kumbe injini hiyo haina ringi za pistoni, na katika magari ya Mazda tuliyoyataja oili kidogo hupelekwa kwa makusudi mahali petroli inapowakia, ili kulainisha vizibo vya pembe za rota. Uchafu kiasi wa oili ni desturi yake. Vilevile injini hiyo ikiwashwa ikiwa baridi na kuzimwa mara hiyo, plagi hulowa petroli na gari hukataa kuwaka, ingawa hakuna kilichoharibika. Mwanagenzi yule hakuwa mvivu wala mjinga. Tulimpa jibu, tukamnyima swali lililolizaa: kitu hiki kimetoka wapi, na kilipaswa kuwapo?

Mwenzake aliyefundishwa kuuliza angeona mengine pia. Katika injini ya pistoni ya hatua nne, kila silinda huwaka mara moja kwa mizunguko miwili ya mhimili. Katika injini ya rota, kila rota huleta mwako mmoja kwa kila mzunguko. Mhimili ukizunguka mara 3,000 kwa dakika, silinda huwaka mara 1,500 na rota mara 3,000. Tena, katika pistoni mchanganyiko mpya na wa baridi huingia mahali pale pale plagi ilipo, ukaipoza kidogo. Katika rota plagi imewekwa daima upande wa moto, na baridi huingia upande mwingine. Kwa hiyo mwanagenzi huyo, hata kama hajawahi kuliona gari hilo, angetabiri kwamba plagi zake huchoka mapema na kwamba zimeundwa kwa namna ya pekee. Angekuwa sahihi. Asingezigonga ncha zake kurekebisha mwanya kama afanyavyo kwa pikipiki. Na akiziona herufi L na T, angejua kwamba hazibadilishani mahali. Angengoja injini ipoe, maana nyumba ya rota ni ya alumini na mistari ya skrubu ndani yake huharibika upesi. Angetoa waya mmoja na plagi moja, akaweka mpya kwa vidole mpaka ikae, akamalizia kwa spana bila ubabe, akarudisha waya, ndipo aende kwenye ya pili. Kwa njia hiyo nyaya hazichanganyikani, na cheche haziji kwa wakati usio wao. Nusu ya ufundi huo ni utaratibu wa mikono, na shule ya msingi inaweza kuujenga kwa kumfundisha mtoto kupanga vitu mezani kwa mfuatano aliovitolea.

Katika Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alidai kwamba shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika, isiwe ngazi tu ya kupandia sekondari. Mengi yamebadilika tangu hapo. Ada ya shule za serikali ilifutwa mpaka kidato cha nne mwaka 2016, na mpaka cha sita mwaka 2022. Hata hivyo wapo vijana wanaofika gereji wakiwa na miaka kumi na mitano, na wengine mapema zaidi, nao hufika na kile tu tulichowapa. Bodaboda aliyekopa kununua pikipiki hulipa kwa mapato ya kila siku. Fundi akibahatisha, anayelala na njaa ni familia ya mtu mwingine.

Tunajua pingamizi. Mtihani hauulizi rangi ya plagi. Kweli, lakini mtihani huuliza mwako, umeme, vipimo na uchafuzi wa hewa, na mtoto aliyeshika plagi hujibu hayo kwa urahisi kuliko aliyeiona kwenye mchoro. Wengine husema hili ni somo la wavulana. Tunalikataa kabisa. Katika darasa la karatasi tulilolitaja, aliyegundua kwamba karatasi za jalada ni nene na zimeharibu hesabu alikuwa msichana. Lipo pingamizi la tatu ambalo tunalikubali: hatari. Plagi za darasani ziwe zile zilizokwisha tolewa, zisizo na waya wala injini. Zisafishwe na fundi gereji, si na watoto kwa petroli. Kauri iliyovunjika hukata kama kioo. Mwanafunzi asishikishwe plagi ya injini inayounguruma hata kwa mzaha, na baada ya kipindi kila mmoja anawe mikono kwa sabuni.

Jambo moja dogo kwa wanachuo. Mwendapo gereji kuomba plagi, nendeni kwa heshima ya mwanafunzi. Mwamkieni fundi shikamoo hata kama nguo zake zimejaa oili na zenu zimepigwa pasi. Mwombeni azisome plagi mbele yenu, nanyi mwandike. Tumeona walimu wakiingia gereji kama wakaguzi, wakatoka na kopo la vyuma na bila neno hata moja la maarifa.

Na mwanachuo wetu? Fomu yake ya tathmini tuliijaza kwa masikitiko, kwa sababu kila kosa lililokuwamo tulimfundisha sisi: mchoro mmoja, wimbo mmoja, woga wa swali lisilo katika andalio. Tulikaa naye jioni ile tukamwambia hivyo. Jumatatu alikwenda kwa mjomba wa yule kijana, akakaa mpaka jua likachwa. Jumatano alisimama mbele ya Darasa la Sita na kusema kwamba alikuwa amekosea, kisha akamwita kijana mbele aje aeleze L na T. Plagi zile mbili zilikuwa zimekwisha kuuzwa pamoja na vyuma chakavu, kwa hiyo kijana alizichora. Alipomaliza, msichana mmoja akauliza mbona Land Cruiser nyingi za watalii zinazopita kwenda mbugani hutumia dizeli na hazina plagi ya cheche hata moja, na dizeli yake huwashwa na nini. Mwalimu alisema hajui vizuri, akaliandika swali pembeni mwa ubao. Andalio lake la wiki inayofuata tumeliona. Zana aliyoandika ni pampu ya baiskeli, ili kila mtoto aibane tundu kwa kidole, asukume, kisha aguse chini ya bomba lake.